Houston Hakuna Mama Yako

Mwanangu, jengo la mkahawa wako wa pili uliloniomba nikakutazamie nimekwenda kulitazama. Liko Bissonnet, upande wa Alief, katika safu ya maduka. Kushoto kwake pana fundi wa matairi, kulia saluni ya wasusi. Usishangae. Houston ni mji mkubwa usio na sheria ya kutenga mitaa ya makazi na mitaa ya biashara, kila mtu hufungua alichonacho pale alipopapata. Jikoni, lile bati kubwa la kuvuta moshi juu ya majiko lipo. Aliyekuwa hapo kabla yako ameliacha, nalo si kitu cha bei rahisi. Tangi la kunasa mafuta liko uani, chini ya mfuniko wa chuma. Limejaa, na mji unataka lizolewe kila baada ya siku 90, kwa hivyo muulize mwenye jengo nani atalipa safari ya kwanza. Magari yana pa kusimama. Mkataba ni wa miaka 5, na anataka utie saini kwa jina lako mwenyewe, si kwa jina la kampuni. Maana yake mkahawa ukifa, deni halizikwi nao. Litakufuata hadi kwenye nyumba unayolala na wanao.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Jengo ni zuri. Sasa nivumilie, kwa sababu kuna ambalo hukuniuliza, na mimi ni mjomba wako, siwezi kulikalia kimya.

Nimechoka, sikufichi. Vijana wengi wamepita hapa sebuleni kwangu, kila mmoja na mchoro wake wa mkahawa na jina lake tamu alilolichagua kabla hajajua bei ya mbuzi. Wengine niliwaambia wakanuna. Wengine waliitikia "naam, mzee" huku macho yako kwenye simu. Nimefika umri wa kutopenda kurudia maneno, basi hili nalisema mara moja, polepole.

Nilipokuja kwenu Arlington mwezi wa Ramadhani, niliingia jikoni mwa mkahawa wako asubuhi, wewe hujafika. Mama yako alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, gunia la vitunguu miguuni, anakata vitunguu vya biriani kwa kisu. Mashine mnayo, imo kwenye boksi lake juu ya rafu. Nikamuuliza, akasema mashine huvitoa maji vitunguu, vikiingia kwenye mafuta vinachemka badala ya kukauka. Kweli tupu. Kitunguu cha biriani kisipokatwa chembamba na cha kulingana, kingine kitaungua na kingine kitabaki cheupe, na kile kilichoungua kitatia uchungu sufuria nzima. Kwa hivyo dada yangu, na magoti yale unayoyajua, alikata gunia zima kwa mkono akiwa amefunga. Mkeo alikuwa meza ya pili akisukuma chapati. Kila akimaliza moja anafumbua na kufumba vidole vya mkono wa kulia, kama mtu anayekamua ndimu isiyo na maji. Sikumuuliza ana nini. Alipoona namtazama aliuficha mkono kwenye unga. Ikafika wakati wa mchuzi, mama yako akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema bado, akaongeza kidogo, akaonja tena. Mwanao mkubwa alipotoka shule alisimama kaunta, anafanya kazi ya hesabu kati ya mteja na mteja.

Wewe ulikuwa nje mlangoni, penye mwanga mzuri, unaipiga picha sahani.

Sikulaumu kwa picha, nitaifikia. Nataka kwanza turudi kwenye karatasi ulizonionyesha usiku ule, baada ya tarawehe, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake. Mchele umo, nyama imo, mafuta, pango, gesi, bima, kodi ya mauzo, mshahara wa yule msichana anayehudumia mezani. Chini kabisa pamebaki kitu, ukakipigia mstari mara mbili ukaniambia, "Mjomba, hii ndiyo faida, na hii ndiyo itakayotupeleka Houston." Nililitafuta jina la mama yako katika karatasi zile sikulikuta. Nikalitafuta la mkeo, sikulikuta. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo, safi, la kompyuta, ila limeandika kila kilichonunuliwa na kuruka kila kilichotolewa bure.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme sahani ya biriani ya mbuzi unaiuza dola 18. Wenye biashara hii hapa Marekani hukadiria kwamba vyakula vyenyewe visile zaidi ya theluthi ya bei. Dola 6 zimekwenda sokoni. Theluthi ya pili, pengine na zaidi, ni ya mikono: wapishi, waosha vyombo, wahudumu. Ya tatu ndiyo inayolipa pango, gesi, bima, friza iliyoharibika, sahani zilizovunjika, na ikibaki senti, tumbo lako. Wewe ile theluthi ya pili huilipi, ila kile kidogo cha msichana. Kile ulichokipigia mstari mara mbili ni mshahara wa mama yako na wa mkeo, umeuhesabu kuwa wako.

Hunisadiki? Kwa nilivyowaona, hawapungui saa 10 kwa siku, siku 6 za wiki. Wawili, ni saa 120. Kima cha chini cha mshahara Texas ni kile kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Kwa kima hicho ni dola 870 kwa wiki, na kwa kima hicho mpishi wa biriani humpati, si Arlington si hapa. Weka dola 15, uwe muungwana kidogo tu. Ni dola 1,800 kwa wiki. Zitoe kwenye faida yako, kisha uniambie kama bado una safari.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Arlington inasimama kwa sababu ina watu wawili wanaofanya kazi kwa mapenzi. Houston hakuna mama yako. Hapa utaajiri. Utawalipa kila Ijumaa, ikiwa pameuzwa au hapakuuzwa, nao saa yao ya kuondoka ikifika wataondoka, kitunguu kimeiva au hakijaiva. Bei utakayobandika itakuwa ile ile ya Arlington, maana watu wa huku wameshaiona kwenye TikTok na watakushitaki kwa kila mtu ukiipandisha. Basi utakuwa umeichukua bei ukaiacha ile mikono iliyoiwezesha, na kila sahani itakayotoka itatoka na hasara yake. Ukiuza nyingi, ndiyo utapoteza zaidi. Kijana aliyesoma kama wewe hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Na usiniambie mama atakuwa anakuja. Kutoka kwenu mpaka huku ni kama maili 250 kwa barabara ya I-45, saa nne ikiwa njia haina msongamano, nawe unajua siku ambayo njia haina msongamano ni ipi. Utakuwa unalala ndani ya gari kwenye maegesho ya Buc-ee's ya Madisonville, katikati ya mikahawa miwili, huku yote miwili ikikupigia simu. Tena huku kuna lisilowahusu ninyi watu wa bara: tufani. Beryl ilipotua Julai 8, 2024, zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme walibaki gizani, wengine kwa siku nyingi, kwenye joto la Julai. Fikiria friza yenye mbuzi mzima wa Ijumaa. Bima ya chakula kilichooza huwa haimo katika bima ya kawaida mpaka uiombe. Iandike hiyo.

Kuna mtu wa hapa hapa nataka umjue. Upande wa mashariki wa Houston, barabara ya Navigation, alikuwako mama mmoja, Ninfa Laurenzo, mzaliwa wa Texas mwenye asili ya Meksiko. Yeye na mumewe walikuwa na kiwanda kidogo cha tortilla. Mume akafariki 1969, akamwachia watoto watano na kiwanda kinachoyumba. Mwaka 1973 alipanga meza 10 mbele ya kiwanda, akaanza kuuza nyama ya kuchoma iliyofungwa ndani ya tortilla moto, watoto wakihudumu. Mji ulimpenda mpaka ukamwita Mama Ninfa. Matawi yakafuata, moja, jingine, mengi. Mwaka 1996 kampuni ya familia ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, na hatimaye mikahawa ikapita mikononi mwa wengine. Ukienda Navigation leo utaukuta mkahawa umejaa, chakula kizuri, na jina la Ninfa liko mlangoni. Ila wenye jina si wanawe. Wao mwaka 1998 walianza upya kwa jina jingine, El Tiempo, wakafanikiwa tena, maana kupika walikuwa wanajua. Bi Ninfa alifariki 2001.

Siwezi kusema matawi peke yake ndiyo yaliyoiangusha kampuni ile; kampuni hufa kwa maradhi mengi. Lakini natazama mlango ule kila nikipita. Jina la mama linaweza kuuzwa mahakamani pamoja na meza na viti. Wewe umeuita mkahawa wako kwa jina la dada yangu.

Umeniambia pia kwamba mwaka wa kwanza mmeuvuka, kwa hivyo hatari imepita. Aliyekwambia hivyo hakukwambia yote. Mtafiti mmoja, H. G. Parsa, na wenzake walifuatilia mikahawa ya mji wa Columbus, Ohio, matokeo yakachapishwa 2005. Yale maneno kwamba mikahawa tisa katika kumi hufa mwaka wa kwanza waliyakuta ni porojo. Iliyofunga mwaka wa kwanza ilikuwa kama robo. Mwaka wa tatu ulipokwisha, kama sita katika kumi ilikuwa imekwenda. Na kilichonigusa zaidi si hesabu hizo. Walipozungumza na wenyewe, waliofunga walitaja mambo ya nyumbani: kazi imekula ndoa, imekula watoto, imekula afya. Mkahawa unaweza kufungwa na watu waliokuwa bado wanauza.

Sasa tuje kwenye matangazo, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, na kwa Mombasa ya wakati wetu ilikuwa kweli: mtu akipita Mji wa Kale kwa miguu, pua yake ndiyo iliyomwambia nani anapika mbaazi na nani anakaanga mahamri. Texas mtu hupita mbele ya mlango wako kwa maili 50 kwa saa, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma. Biriani yako haina namna ya kujiuza hapo. Kwa hivyo tangaza, mwanangu, wala usiwasikilize wazee wanaokucheka. Ninachokuomba ni kwamba picha isiikimbie sahani. Ile uliyokuwa unaipiga mlangoni ilikuwa na vipande vinne vya nyama na yai juu. Niliyoletewa mimi, ambaye ni mjomba, ilikuwa na viwili na yai hapana. Mtu aliyeendesha gari kutoka Garland kwa ajili ya yai lile hatapiga kelele. Atakula, atalipa, ataacha bakshishi, na hutamwona tena. (Bakshishi yenyewe ni ya msichana. Tangu 2018 sheria ya nchi nzima imekataza mwajiri kuigusa, hata akiwa ndiye aliyeibeba sahani ya pili.)

Zile programu za kuagizia chakula hazina huruma nawe. Hukata kati ya asilimia 15 na 30 kwa kila oda, kutegemea mpango uliouchagua. Asilimia 30 ya dola 18 ni dola 5.40, yaani ile theluthi ya tatu, ya pango na tumbo lako, karibu yote imekwenda na wenye programu. Biriani isafirishe kwa bei nyingine, au usiisafirishe. Huko weka sambusa, mahamri, katlesi, vitu vinavyovumilia njia na vinavyotengenezwa vingi kwa mara moja. Chapati ikikaa kwenye boksi la plastiki nusu saa inatoa jasho, na mla chapati yenye jasho hajui kwamba mlaumiwa ni boksi.

Wateja wako wa kudumu hawako kwenye simu kwa kiasi unachodhani. Wako misikitini, makanisani, kwenye harusi za Grand Prairie na matanga ya Fort Worth. Watu wetu wakifiwa, kabla hata tiketi ya kusafirisha maiti haijachangiwa, pana watu hamsini sebuleni wanaohitaji chai na kitu cha kutafuna. Peleka chupa za chai na mahamri siku ya kwanza, usiandike bili. Nasema hivi kwa sababu ni wajibu, si kwa sababu ni biashara; lakini harusi ya mwakani katika nyumba ile, trei za pilau zitaagizwa kwako. Trei ya kuagizwa mapema ndiyo fedha ya kweli ya kazi hii: unajua idadi, unanunua kwa idadi, hakuna kinachobaki.

Na wale kina mama wanaouza pilau kutoka vyumbani mwao kwa WhatsApp, ambao juzi ulikuwa unalalamika kwamba wanakuharibia bei? Kweli, sheria ya Texas ya vyakula vya nyumbani, iliyoanza 2011 na kupanuliwa mara kadhaa tangu hapo, huruhusu mtu kuuza vyakula vingi kutoka jikoni kwake, lakini nyama haimo. Unaweza kuwachongea kwa mkaguzi na ukashinda. Usifanye hivyo. Mama yako alilea jina lile unalolitangaza kwa ndoo ya mahamri, kwenye ghorofa ya pili ya jengo la wakimbizi pale Vickery Meadow, na hakuna aliyemchongea.

Lakini wewe sasa si mpika chumbani. Umeandika mlangoni "chakula cha nyumbani, halisi, cha afya", na neno hilo mkaguzi halimbabaishi. Nyumbani pilau hulala jikoni, asubuhi ikapashwa moto ikaliwa, na tuko hai. Kwenye mkahawa, chakula moto kikae kwenye digrii 135 za Farenhaiti au zaidi, cha baridi kisizidi 41, na kinachopoozwa kishuke haraka: mpaka 70 ndani ya saa mbili, kisha mpaka 41 ndani ya saa nne zinazofuata. Wali nao ni hatari, ingawa watu hawaamini. Kuna kijidudu chake ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemsha, huamka wali ukiachwa vuguvugu. Niliona sufuria kubwa ya wali imefunikwa kwa taulo karibu na sinki, na hakuna aliyekuwa na kipima joto. Mwaga wali kwenye trei pana, isiyo na kina, uingie friji. Hili halingoji Houston.

Halafu menyu. Kurasa sita! Nakuelewa ulivyofika hapo. Mkenya wa Arlington amekuja akataka nyama choma na mukimo, ukaongeza. Mkongo wa Fort Worth akataka sombe na fufu, ukaongeza, maana naye anakusemesha Kiswahili cha Goma na hukutaka arudi na njaa. Msomali akauliza bariisi na ndizi. Mzanzibari akauliza urojo. Ukarimu huo ni wa kwetu na unapendeza barazani, ila kila mstari wa menyu ni sufuria, na kila sufuria anaiosha mkeo. Vitu sitini, na kwa siku vinavyouzwa haswa havifiki kumi. Vilivyobaki vinakaa kwenye friza vikizeeka, au mama anakimbilia kuvipika upya mtu mmoja akiviagiza.

Nenda ukale Joe T. Garcia's, hapo karibu nanyi, Fort Worth, upande wa kaskazini. Familia ile ilifungua Julai 4, 1935, pakienea watu 16. Leo wanaketisha zaidi ya elfu moja, pale pale, wamepanuka kwa nyua na bustani. Kwa miongo mingi mtu akienda jioni hakuwa na cha kuchagua ila kimoja kati ya viwili: enchilada au fajita. Hakuna aliyeondoka akisema ameonewa. Chagua vyako vinane. Biriani Ijumaa na Jumamosi tu. Mkongo mpe sombe yake Jumapili, baada ya ibada, kwa sufuria moja, na ikiisha imeisha. Ataanza kuja mapema, na atakuja na wenzake.

Nami siikatai Houston milele. Kuna chakula cha Fort Worth kilichowahi kufika huku kikastawi, na hilo ndilo nililotaka ulisikie zaidi ya yote.

Lucille Bishop Smith alikuwa Mmarekani mweusi, amezaliwa 1892, akaishi na kupika Fort Worth. Alianza kwa kazi ya kupikia shughuli za watu. Katika miaka ya 1940 alitengeneza unga uliochanganywa tayari wa mikate ya moto, mwanzo kwa ajili ya kuchangia kanisa lake, ukapendwa ukaingia madukani. Alifundisha upishi wa kibiashara chuo cha Prairie View, hapa kaskazini-magharibi ya Houston. Mwaka 1974, amekwishapindukia miaka 80, akaunda kampuni ya familia. Akafariki 1985. Na mwaka 2012 kitukuu chake, Chris Williams, akafungua mkahawa Houston akauita Lucille's, na ukienda utakuta vyakula vya bibi vimo mezani.

Vilifikaje, na mwenyewe alikuwa kaburini? Aliviandika. Mwaka 1941 alichapisha mapishi yake kwenye kadi, ndani ya kisanduku, kila kadi na vipimo vyake. Kutoka kisanduku kile hadi mkahawa wa Houston ni miaka 71. Sikwambii ungoje kiasi hicho. Nakwambia kwamba mkono wa mama hausafiri, ila kipimo chake kinaweza.

Dada yangu hapimi. Ukimuuliza hiliki kiasi gani atasema "kiasi chake". Ukimuuliza tui atasema mpaka likubali. Usimshurutishe aandike, ataona unamzika. Nunua mizani ya jikoni. Kaa naye Jumatatu, mkahawa umefungwa, na Jumatatu sasa utaufunga, hilo si la kujadili. Kila anachokitia, kabla hakijaingia sufuria, kipitishe kwenye mizani uandike. Mara tatu kwa kila chakula, kwa sababu kila mara atatia tofauti, na utatafuta katikati yake. Vitunguu vipime kabla na baada ya kukaanga. Mchele andika aina, gunia, na muda uliolowekwa. Kisha karatasi ile mpe mtu mwingine kabisa apike, mama asiwepo, halafu mama aonje bila kuambiwa nani amepika. Siku atakaposema "nani amefanya hivi, hakuharibu", ndiyo siku ya kunipigia simu kuhusu Bissonnet.

Huyo mtu mwingine ungekuwa wewe, ningefurahi. Hujui kuwasha jiko lako mwenyewe, mwanangu, na mpishi wa kuajiriwa atalitambua hilo siku ya kwanza. Hapa Houston kuna kijana wa Kinaijeria, Ope Amosu, mwenye ChòpnBlọk. Alikuwa na kazi nzuri ya ofisini, na kabla ya kufungua chake alikwenda kujipa kazi Chipotle, baada ya saa za ofisi, kujaza bakuli za wateja na kutazama jiko linavyoendeshwa. Mwaka 2021 akafungua ndani ya ile posta kuu ya zamani mjini, na sasa ana mahali pake Montrose. Hakuona haya kuvaa aproni ya mtu mwingine.

Yafanye haya miezi sita. Mkeo mpeleke kwa daktari wa mkono wiki hii, si wiki ijayo, na kwa chapati aajiriwe mtu. Mwanao mkubwa akae kaunta Jumamosi tu, hesabu zake azifanyie mezani nyumbani. Mama yako na mkeo waingie kwenye daftari, kila mmoja kwa jina lake na saa zake, na walipwe Ijumaa kama watu wengine. Faida itashuka, huenda ikapotea kabisa kwa muda. Ikipotea, basi bei ya biriani si 18, na ni heri uipandishe Arlington, mahali wanapokujua, kuliko kuja kuigundua hapa kwa mkataba wa miaka 5.

Mkeo atazipokea fedha zake, ana akili. Mama yako atakataa. Atasema yeye si mfanyakazi wako, atalia kidogo, atakwambia fedha hizo uwanunulie watoto viatu. Usibishane naye na usizirudishe kwenye droo ya kaunta. Mfungulie akaunti kwa jina lake, ziingie kila Ijumaa, na kadi mpe mkononi. Akiuliza nani aliyekutia maneno haya, nitaje. Mimi na yeye tumegombana tangu utotoni kwa mambo madogo kuliko hili.